Kutoka zizini hadi kortini: safari ya neno la Kiingereza "court"

Mleta uzi:

Wanajukwaa, salaam. Wiki iliyopita niliingia katika jengo moja kubwa la maduka, na kwenye ghorofa ya juu, pale ambapo vibanda vya wauza vyakula vimezizunguka meza za kulia, nikakuta kibao kilichoandikwa kwa lugha mbili. Kwa Kiingereza kilisema "food court", na kwa Kiswahili kilisema "Mahakama ya Chakula". Nilicheka kama walivyocheka waliokuwa nyuma yangu, ila nilipokaa kula nikaanza kumwonea huruma aliyekiandika. Kamusi ndogo tunazobeba tangu shuleni humpa mtu maana moja ya neno hilo, nayo ni mahakama, wala hazimwambii kwamba maana hiyo ilikuja baadaye sana, na kwamba neno lenyewe lilianza likiwa ua wa shambani, mahali penye kuku, mifugo na samadi.

Mimi ni mtafsiri wa nyaraka, na neno hili limenisumbua kwa miaka. Naomba nilifuatilie tangu chanzo chake, kisha tujadiliane.

Katika Kilatini palikuwa na neno "cohors", ambalo likinyambuliwa shina lake huwa "cohort-". Kipande cha kwanza maana yake ni "pamoja", na kipande cha pili ni cha ukoo mmoja na "hortus", yaani bustani iliyozungushiwa wigo. Cohors ilikuwa eneo la wazi lililozungukwa na majengo ya shamba. Varro, mwanazuoni wa Kirumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo aliyeandika juu ya kilimo na juu ya lugha pia, anaeleza kwamba kikosi cha jeshi nacho kiliitwa cohors kwa sababu, kama vile shambani majengo kadhaa yanavyounganishwa yakawa kitu kimoja, ndivyo jeshini vikundi kadhaa vinavyounganishwa vikawa kikosi kimoja. Kikosi hicho kilikuwa sehemu ya kumi ya lejioni, yaani jeshi kubwa la Kirumi la maelfu ya askari, na enzi za makaisari hesabu yake ya kawaida ilikuwa askari 480. Wasomaji wa Biblia wanakijua bila kujua kwamba wanakijua, kwa kuwa yule Kornelio wa Kaisaria aliyekuwa akida wa kikosi cha Kiitalia alikuwa akida katika cohors. Kwa hiyo tangu zamani hizo neno la wigo lilikwisha kuanza kuwataja watu waliomo ndani ya wigo, na hilo ndilo jambo ninalowaomba mlishike, maana litajirudia.

Midomo ya watu wa kawaida haikuwa na subira na sauti ya h katikati ya neno, na "cohortem" ikawa "cortem". Hapo ndipo Waitaliano na Wahispania walipopata "corte", na Wafaransa wa kale wakapata "cort". Kaskazini mwa Ufaransa kuna vijiji vingi ambavyo majina yao huishia na "court", kwa sababu kila kimoja kilikuwa ua na shamba la bwana fulani. Azincourt, ambapo Waingereza na Wafaransa walipigana mwaka 1415, ni kimojawapo. Bwana mwenye shamba kubwa kuliko wote alikuwa mfalme, na ua wake ukawa ndio ua unaotajwa bila kuongezewa jina la mtu. Kisha walioishi humo na kumhudumia, yaani mawaziri, makasisi, washairi na wachongezi, nao wakaitwa kwa jina la ua. Na kwa kuwa mfalme ndiye aliyeamua kesi za wakubwa, aliyetaka haki alikwenda uani kwa mfalme.

Neno lilivuka bahari na Wanormandi walioiteka Uingereza mwaka 1066, na katika karne ya 12 tayari linaonekana katika maandishi ya Kiingereza. Ushahidi mzuri wa jinsi ua wa mfalme na mahakama vilivyokuwa kitu kimoja umo katika Magna Carta, ile hati ya mwaka 1215 iliyomwekea mfalme wa Uingereza mipaka. Ibara yake ya 17 inaagiza kwamba kesi za kawaida baina ya raia zisiendelee kuufuata ua wa mfalme, bali zisikilizwe mahali maalumu. Tafakarini taabu iliyokuwapo kabla ya hapo: mfalme alikuwa mtu wa kuhamahama, leo yuko hapa na kesho kutwa yuko safari ya siku nne kutoka hapa, na mdai mwenye kesi ya shamba lake ilimbidi afunge mizigo amfuate. Mahakama ilikuwa na miguu. Kesi za aina hiyo zilikuja kutulia Westminster, huko London, na hapo ndipo maana ya mahakama ilipoanza kujitenga na nyumba ya mfalme.

Sasa linganisheni na neno letu. "Mahakama" tumelipata kutoka Kiarabu, nalo ni la ukoo mmoja na hukumu, hakimu na hekima. Kwa muundo wake ni jina la mahali, kama vile maktaba ilivyo mahali pa vitabu na madrasa ilivyo mahali pa kusomea, kwa hiyo mahakama ni mahali pa kuhukumia na si vinginevyo. Limepewa jina kutokana na kazi inayofanyika humo, ilhali neno la Kiingereza limepewa jina kutokana na uzio uliopazunguka. Ndiyo maana Mwingereza anaweza kulihamishia neno lake kwenye tenisi, kwenye chakula, kwenye nyumba za kupanga na kwenye kasri, na sisi tukijaribu kumfuata kwa neno "mahakama" tunafika kwenye kibao kile cha ghorofa ya juu.

Mchangiaji kutoka Mombasa:

Ndugu mleta uzi, ahsante. Umesahau kwamba sisi wa Kenya tunalo neno lenyewe kabisa, tena tumeshalivika kanzu. Tunasema "korti", "kupelekwa kortini", "karani wa korti". Katika maandishi rasmi utakuta mahakama, lakini mtu aliyeitwa kujibu mashtaka huwaambia jamaa zake kwamba kesho ana korti.

Isitoshe, Nairobi neno hilo limeingia mara ya pili kwa mlango mwingine. Katika mitaa kama Buruburu nyumba zimepangwa kwa makundi yaliyozunguka uwanja mdogo wenye njia moja ya kuingilia, na kila kundi linaitwa korti. Mtoto atakwambia kwamba anacheza mpira kwenye korti yao, na hakuna anayedhani kwamba anacheza mbele ya hakimu. Kwa hiyo watoto wa Nairobi wanalitumia neno hili kwa maana iliyo karibu zaidi na ile ya Varro kuliko mawakili wote wa jiji.

Nina swali. Nilisoma zamani kwamba "court" linatokana na "curia", lile jina la baraza la Warumi ambalo hata leo linatumika kwa ofisi za Papa. Wewe unasema linatokana na zizi. Nani ana haki?

Mleta uzi:

Swali lako ni la msingi, mkuu, na ninakiri kwamba nami niliamini hivyo kwa muda mrefu. Maneno hayo mawili hayana nasaba moja. Kilichotokea ni kwamba makarani wa Ulaya ya kale waliandika hati zao kwa Kilatini, na kila walipotaka kuutaja ua wa mfalme waliandika "curia". Ile ibara ya 17 niliyoitaja hapo juu imeandikwa kwa Kilatini, na neno lililomo humo ni curia. Baada ya vizazi kadhaa vya kuandika hivyo, wasomi wenyewe waliamini kwamba la mitaani limetoka katika la hati. Wafaransa walikwenda mbali zaidi: waliifuta herufi t ya mwisho na leo wanaandika "cour", kwa kuwa katika curia haimo t. Kiingereza kiliibakiza. Kwa hiyo curia ni mama wa kambo aliyemlea mtoto hadi akafanana naye, ila hakumzaa.

Kuhusu Buruburu umenifurahisha sana, nami sikuwa nimeliwaza hilo.

Mchangiaji mwenye asili ya Lamu:

Nimesoma kwa makini, nami nataka kuleta mfano wa nyumbani. Katika nyumba za mawe za Lamu, ukivuka daka, yaani kibaraza cha mlangoni, na kupita tekani, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia, unafika kwenye eneo la wazi lisilo na paa ambalo vyumba vyote vinalitazama. Eneo hilo tunaliita kiwanda. Mwanga na hewa ya nyumba nzima hutoka hapo, na kazi za mikono za nyumbani zilifanyika hapo. Ukiendelea unaingia kwenye misana, yaani vyumba virefu vyembamba, kisha ndani. Mgeni wa heshima ndogo huishia dakani, na anayefikishwa kiwandani ni mtu aliyeaminiwa.

Neno hilo hilo, kiwanda, leo kila Mswahili analijua kwa maana ya mahali penye mitambo na moshi. Vijana wanaotembezwa katika nyumba za kale hushangaa wakiambiwa kwamba wamesimama kiwandani. Ua umegeuka mahali pa kazi, na mahali pa kazi pamegeuka mabati na mashine. Sioni tofauti na safari aliyoieleza mleta uzi.

Mchangiaji kutoka Moshi:

Mnaongea mambo ya mbali ilhali mfano mkubwa kuliko yote uko kinywani mwetu, nao ni boma. Mimi nimezaliwa si mbali na Boma Ng'ombe, na jina hilo halihitaji mkalimani, kwani ni uzio na ng'ombe ndani yake. Walipokuja Wajerumani, vituo vyao vya utawala vilikuwa majengo yenye kuta nene kama ngome, na watu wakaviita boma. Hadi leo majengo yao ya Bagamoyo na Mikindani yanaitwa hivyo. Babu zetu waliposema "nimeitwa bomani" walikuwa na maana ya kuitwa serikalini, kwa mkuu wa wilaya, na mara nyingi si kwa jambo jema.

Hapo nilipo, tulifundishwa kwamba BOMA ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yanayohusu utawala wa Waingereza ng'ambo. Je, ni kweli?

Mleta uzi:

Si kweli, ingawa hadithi hiyo imesambaa kiasi kwamba watembeza watalii huisimulia kwa uhakika kamili. Henry Morton Stanley, yule msafiri mvumbuzi, alikwisha kulitumia neno boma katika kitabu chake cha safari kilichochapishwa mwaka 1878, akitaja maboma ya miti yaliyozunguka vijiji na kambi, na wakati huo Waingereza hawakuwa na utawala wowote katika bara hili la mashariki wa kufanyiwa kifupisho. Ni neno letu, na Kiingereza ndicho kilichoazima. Linaonekana katika kamusi zao kubwa likiwa na maana ya uzio wa mifugo na ya ofisi ya wilaya. Kwa kweli, mtu akiniuliza neno gani la Kiswahili ni ndugu wa kweli wa "court", sitajibu mahakama, nitajibu boma, kwa kuwa yote mawili yalianza na ng'ombe yakaishia kwenye mamlaka.

Na safari ya boma haijaisha. Tanzania leo "boma" ni jengo ambalo kuta zake zimesimama lakini halijaezekwa. Wananchi huchangishana kujenga maboma ya madarasa na zahanati, kisha wakaisubiri serikali imalizie paa. Kenya nako kuna Bomas of Kenya, pale Nairobi, mahali palipojengwa ili kuonyesha makazi ya kimila ya jamii mbalimbali. Palipopatikana haja ya ukumbi mkubwa, mkutano wa kitaifa wa katiba ulifanyika hapo, na matokeo ya kura za urais za mwaka 2013, 2017 na 2022 yakatangazwa hapo. Mkenya akisema leo "tunasubiri Bomas" hafikirii mifugo hata kidogo.

Kaya za Wamijikenda zingestahili uzi wake, kwani vilikuwa vijiji vilivyozungushiwa ngome vilivyofichwa ndani ya misitu, na misitu hiyo imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2008. Karani wa sensa akija kwako kuhesabu kaya anataka kujua watu, wala haulizi habari za ngome.

Mchangiaji mwingine:

Naomba kuuliza kwa ufupi. Uwanja wa tenisi unaitwa court, lakini uwanja wa mpira wa miguu hauitwi hivyo. Kwa nini?

Mleta uzi:

Kwa sababu tenisi ya kale ilichezwa ndani ya kuta. Watawala wa Ufaransa na Uingereza waliipenda, na katika jumba la Hampton Court karibu na London, ambalo jina lake lenyewe lina neno tunalolijadili, bado upo uwanja wa mchezo huo wa kale wenye kuta pande zote ambazo mpira hugonga na kurudi. Mpira wa miguu ulitoka mashambani na vichochoroni, haukuwa na kuta, na hivyo haukupewa jina la kuta.

Mwaka 1789, tarehe 20 Juni, wajumbe wa Ufaransa walipoukuta ukumbi wao umefungwa huko Versailles, waliingia kwenye jengo la mchezo huo na kuapa kwamba hawatatawanyika hadi nchi ipate katiba. Waingereza wanakiita kiapo hicho kwa jina la "tennis court", nao Wafaransa wanakitaja kwa jina la mchezo wenyewe, bila "cour". Niliwahi kuhariri tafsiri ya somo la historia iliyosema kwamba wajumbe hao waliapa "katika mahakama ya tenisi". Nilihariri, nikanyamaza.

Mwaka 1874 Meja Wingfield, afisa wa jeshi la Uingereza, alisajili hataza ya uwanja wa kubebeka wa kuchezea tenisi, ambao mtu angeweza kuusimika kwenye nyasi za bustani yake. Kuta zikaondoka, zikabaki nyavu na mistari ya chokaa, lakini jina halikuondoka. Hadi leo mistari inafanya kazi ya ukuta, na mpira ukidondoka nje ya mistari umetoka nje ya ua.

Ukoo wa neno hili ni mpana. Shina lile la kale lililozaa "hortus" ya Kilatini lilizaa pia maneno ya wigo katika lugha za kaskazini, na Kiingereza kikapata "yard" kutoka kwa wazee wake wenyewe na "garden" kupitia Ufaransa ya kaskazini. Huko Urusi na nchi za Waslavi shina hilo hilo lilikuwa mji wenye ngome, ndiyo "grad" ya Belgrade na "gorod" ya Novgorod. Na jambo linalonichekesha kila nikilikumbuka ni kwamba Kiingereza kina neno "courtyard", ambalo limeunganisha ndugu wawili wa shina moja, kwa hiyo maana yake halisi ni "ua wa ua". Tusiwacheke sana, maana sisi tunasema Ziwa Nyasa, na nyasa kwa Kiyao ni ziwa.

Tahadhari moja kwa wanaopenda kuunganisha kila kitu: "yadi" ya kupimia kitambaa haimo katika ukoo huu. Hiyo ilitoka katika neno la kale la Kiingereza lenye maana ya fimbo, na ni bahati tu kwamba matamshi yalikuja kufanana. Yadi ya kuuzia magari ndiyo iliyomo. Katika Kiswahili tumeyapokea yote mawili kwa umbo moja, na hakuna aliyewahi kuchanganyikiwa.

Mchangiaji kutoka Unguja:

Na baraza je? Baraza ni kibao cha mawe mbele ya nyumba, watu wanakaa wanakunywa kahawa na kucheza bao. Leo tuna Baraza la Mawaziri, Baraza la Wawakilishi, na hilo Baraza la Kiswahili lenyewe. Kenya chifu huitisha baraza chini ya mti, wala hakuna jiwe la kukalia. Ni safari ile ile.

Lakini mimi ningependa mleta uzi aache historia kidogo atuambie: hicho kibao cha chakula kiandikweje? Mimi napendekeza "ua wa vyakula", kwa kuwa "ua" ndilo neno lenye maana ya asili. Hata katika Biblia, palipo na neno hilo kwa Kiingereza, wafasiri wetu waliandika nyua katika Zaburi ya 84, na Esta alisimama katika ua wa ndani wa nyumba ya mfalme.

Mleta uzi:

Baraza nakubali kabisa, ingawa ni safari iliyo sambamba tu: baraza ni mahali pa nje, panapomwita mpita njia aketi, na ua ni mahali pa ndani panapomzuia. Labda ndiyo sababu tumelipa neno baraza vyombo vya mashauriano, na boma tukaliachia vyombo vya amri.

Kuhusu "ua wa vyakula" nina pingamizi mbili. Ya kwanza, msomaji wa haraka ataliona ua la bustani, atafikiri ni mapambo ya meza. Ya pili ni nzito zaidi. Wafasiri wa Biblia walikuwa sahihi kwa sababu nyua za hekalu zilikuwa nyua kweli, za wazi, zenye kuta na bila paa. Jana nilirudi katika jengo lile kuangalia tena. Juu ya meza zile kuna dari, taa na viyoyozi, na upande mmoja tu ndio wenye ukuta; pande nyingine ni njia za wapita njia. Kilichokuwa uzio kimeondoka, kilichokuwa wazi kimeezekwa. Nimewapelekea wenye jengo pendekezo la "Ukumbi wa Vyakula", na mlinzi aliyeipokea barua yangu aliisoma, akakitazama kibao, akaniuliza kama hiyo ni hati ya kuitwa shaurini.